Nakosea kauli za filamu nilizozijua tangu ujana. Je, kumbukumbu inaniishia?

"Daktari, habari za kazi. Mimi ni mwanamume wa miaka 59, naishi Arusha. Tuko marafiki sita wa tangu enzi za kwenda sinema ya Metropole. Kila Jumapili jioni tunakutana kwa mwenzetu Kaloleni kuulizana kauli za filamu: mmoja anatoa maneno, wengine tunataja ni filamu gani, nani kayasema na kamwambia nani. Kwa miaka mingi mimi ndiye niliyekuwa nikiwashinda wote. Mwaka huu mambo yamegeuka. Kwanza, niliapa mbele ya watu kwamba Darth Vader wa filamu za Star Wars anasema 'Luke, mimi ni baba yako'. Kijana wa mwenyeji wetu akafungua simu, tukaisikiliza, hakuna 'Luke'. Lakini mimi nilisikia kwa masikio yangu! Pili, majina ya waigizaji yananikwama. Sura naiona, filamu zake nazijua, jina haliji mpaka niko kitandani. Tatu, tulibishana karibu tugombane juu ya maneno ya stelingi wa filamu moja ya kikomando tuliyoiona zamani, mimi kwenye kibanda cha video, mwenzangu nyumbani kwao. Nilichokisikia mimi yeye anasema hakimo kabisa, na nusu ya kikao wako upande wangu. Sasa wananitania kwamba mzee ameanza kuisha. Ningecheka, ila mama yangu mzazi alipoteza kumbukumbu kabla ya kufariki, mwishoni hakutujua hata sisi wanawe. Mke wangu anaona najisumbua bure. Je, ndiyo naanza? Nikiendelea na mchezo huu unanisaidia, au najiaibisha tu? Na kuna vidonge vya kuongeza kumbukumbu nimeelekezwa dukani, ninunue?"

Kaka yangu, pole kwanza kwa habari ya mama. Mtu aliyewahi kuulizwa na mzazi wake "wewe ni nani?" hawezi kusahau jina la mwigizaji akapita hivihivi kama wengine. Kila anapokwama, ile siku inamrudia. Kwa hiyo sitakwambia usijisumbue. Nitakueleza kinachotokea kichwani mwako, kisha nikwambie ni mambo gani kweli yangenitia wasiwasi kama ningekuwa nimekaa nawe uso kwa uso.

Jibu fupi ni hili: katika mambo matatu uliyoandika, hakuna hata moja ambalo peke yake ni dalili ya ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu, yaani demensia. Yote matatu huwapata watu wazima wenye afya, na mawili kati yake huwapata hata vijana wa miaka ishirini. Hata hivyo nataka ukapimwe, kwa sababu ambazo nitazifikia, na Darth Vader hamo.

Tuanze naye lakini, maana hapo ndipo kuna somo kubwa. Katika filamu ile ya 1980, The Empire Strikes Back, Luke anamwambia Vader kwamba ameambiwa ya kutosha, kwamba Vader ndiye aliyemuua baba yake. Vader anajibu: "Hapana, mimi ndiye baba yako." Jina la Luke halimo katika sentensi hiyo. Ulivyoikumbuka wewe ndivyo wanavyoikumbuka watu wa kila nchi ilikoonyeshwa, wakiwemo wanaoipenda filamu hiyo kupita kiasi. Haiwezekani wote hao wawe wagonjwa. Fikiria sentensi yenyewe: ile "hapana" inajibu maneno yaliyotangulia. Ukiitoa kwenye filamu ukaipeleka kwenye baraza lenu Kaloleni, anayekusikia atauliza, hapana nini? Ukitia "Luke", kila mtu anajua tuko wapi na nani anaambiwa. Watu waliitengeneza ili iweze kusimama peke yake, na iliyotengenezwa ndiyo iliyozunguka dunia.

Kauli nyingine nyingi zimepita njia hiyohiyo. Katika Casablanca ya 1942 hakuna anayesema "piga tena, Sam". Ilsa anamwambia mpiga piano "ipige, Sam", na baadaye Rick anamwamuru tu aipige. Ile "tena" imeingizwa na watu, na ikapata nguvu zaidi pale Woody Allen alipoifanya jina la mchezo wa jukwaani mwaka 1969, kisha filamu mwaka 1972. Na ninyi wa Metropole mnaikumbuka Sholay, filamu ya Kihindi ya 1975. Wengi huigiza jambazi Gabbar Singh akimuuliza mtu wake Sambha "walikuwa wangapi?" Katika filamu, swali hilo anaulizwa Kaalia na wenzake waliorudi mikono mitupu. Sambha, aliyekaa juu ya mwamba, anaulizwa jambo jingine: serikali imetangaza zawadi kiasi gani juu ya kichwa cha Gabbar. Kauli mbili zimeunganishwa zikawa moja kwa sababu zote ni za mtu yuleyule na sauti yake haisahauliki. Jaribu kuuliza hilo Jumapili ijayo, nadhani utawapata zaidi ya mmoja.

Sasa kwa nini inakuwa hivi? Wengi wetu tunaamini kumbukumbu ni mkanda wa video: tukio linarekodiwa, linahifadhiwa, ukilihitaji unarudisha nyuma na kulitazama. Ukiamini hivyo, kila kosa lazima likutishe, maana utasema mkanda umeanza kuoza. Ubongo haufanyi kazi namna hiyo. Unaposikia sentensi, maneno yenyewe yalivyopangwa unayashika kwa muda mfupi sana, kisha unayaachia na kubaki na maana. Mwaka 1967 mtafiti Jacqueline Sachs aliwasikilizisha watu simulizi, akaikatiza na kuwarudishia sentensi moja waliyoisikia: je, ndiyo hiyohiyo au imebadilishwa? Walipoulizwa papo hapo, walitambua badiliko lolote. Zilipopita silabi 80 tu za maneno mengine, muda usiofika nusu dakika, waliendelea kutambua kama maana imebadilishwa, lakini kama ni mpangilio wa maneno tu uliobadilishwa, wengi hawakuona tofauti. Hao walikuwa vijana, na walikuwa wamesikia sasa hivi. Wewe unazungumzia miongo kadhaa.

Kwa hiyo unapotoa kauli ya filamu kichwani, hutoi kitu kilichokuwa kimekaa pale kikikusubiri. Unaijenga upya, kwa maana uliyobaki nayo, kwa sauti ya mwigizaji, kwa jinsi watu wanavyosema kwa kawaida, na kwa yote uliyoyasikia baada ya siku ile ya kwanza. Frederic Bartlett wa Cambridge aliliandika hili mwaka 1932. Aliwapa Waingereza hadithi ya wenyeji wa Amerika Kaskazini, yenye mitumbwi na uwindaji wa sili, akawataka waisimulie tena na tena. Kila waliporudia, hadithi ilifupika na kuwa ya Kiingereza zaidi: mitumbwi ikawa mashua, uwindaji wa sili ukawa uvuvi wa samaki. Hakuna aliyekuwa akidanganya. Kila mmoja alisimulia alichokikumbuka.

Utaniambia: lakini nilisikia "Luke" kwa masikio yangu. Nakuamini. Ulisikia, ila hukusikia kwa Darth Vader. Ulisikia kwa marafiki, kwa wachekeshaji wanaomwigiza, kwa matangazo, pengine kwako mwenyewe ulipokuwa ukiirudia kwa sauti nzito kuwachekesha watoto. Ubongo hushika jambo vizuri kuliko unavyoshika jambo hilo lilitoka wapi. Mtafiti Marcia Johnson na wenzake wameeleza kwa undani jinsi tunavyoamua chanzo cha kumbukumbu zetu, na jinsi tunavyokosea hapohapo kwenye chanzo huku kumbukumbu yenyewe ikiwa ni ya kweli.

Uhakika nao ni jambo la kuangaliwa. Uliapa kwa sababu maneno yalikujia haraka na kwa wepesi. Wepesi huo unatokana na kurudia. Kauli ya uongo iliyorudiwa mara mia huja haraka kuliko ya kweli iliyosikika mara mbili, na moyo unaipokea kama ukweli. Basi mtu asipime afya ya akili yake kwa jinsi alivyokuwa na uhakika kabla ya kuumbuka.

Hapo ndipo na ile nusu ya kikao inapoingia. Unaona wenzako kukuunga mkono ni ushahidi. Mara nyingi sivyo. Mwaka 1974 Elizabeth Loftus na John Palmer waliwaonyesha watu filamu ya magari yakigongana. Kundi moja waliulizwa magari yalikuwa yakienda kasi gani yalipogongana, kundi jingine yalipobamizana. Baada ya wiki moja wakaulizwa kama waliona vioo vilivyovunjika. Walioulizwa kwa neno zito, 16 kati ya 50 walisema waliviona. Walioulizwa kwa neno la kawaida, 7 kati ya 50. Katika filamu hapakuwa na kioo hata kimoja kilichovunjika. Neno moja la muulizaji lilitosha. Sasa fikiria kikao chenu: mtu wa kwanza akishasema "si alisema hivi bwana?", wanaobaki hawakumbuki tena filamu peke yake, wanakumbuka filamu pamoja na sauti yake. Mwaka 2001 Henry Roediger na wenzake waliwaketisha watu wawili wawili wakumbuke pamoja vitu walivyoviona kwenye picha, mmoja wao akiwa amepangwa kutaja vitu ambavyo havikuwemo. Baadaye wenzao, wakiwa peke yao, walivitaja vitu hivyo kama walivyoviona wenyewe.

Lakini ule ugomvi wa filamu ya kikomando nadhani una maelezo mengine kabisa, na wewe mwenyewe umeyaandika pasipo kujua. Umesema wewe uliiona kwenye kibanda cha video, mwenzako aliiona kwao. Je, kibandani kulikuwa na mtu anayetafsiri? Waliokulia kwenye vibanda umiza wanajua kazi ya watu kama Lufufu, ambao sauti zao za Kiswahili ziliwekwa juu ya filamu za Marekani, Hong Kong na India. Msimulizi hakufuata kauli kwa kauli. Alieleza, alifupisha, alitia utani, aliwapa watu wa ng'ambo maneno ya uswahilini, alimwonya stelingi kwamba adui yuko nyuma ya mlango. Huo ulikuwa ufundi wake, na watu walikwenda kwa ajili yake kama walivyokwenda kwa ajili ya filamu. Ikiwa ndivyo, kauli unayoikumbuka ilisemwa kweli ndani ya chumba kile, siku ile, na filamu ikiendelea mbele yako. Mwenzako aliyeiona bila msimulizi naye anasema kweli kwamba haimo. Ninyi wawili mliona filamu mbili zenye picha zilezile. Ningependa sana mlimalize jambo hili kwa kupeana mkono, maana kumbukumbu zenu zote mbili zimefanya kazi yake vizuri.

Kabla sijaacha upande huu: mwaka 2012 watafiti wa Chuo Kikuu cha Cornell walilinganisha kauli maarufu kutoka katika filamu karibu 1,000 na kauli nyingine za filamu hizohizo, zilizosemwa na mhusika yuleyule na zenye urefu uleule. Waligundua kwamba zinazokaa vichwani huunganisha maneno ambayo hayazoeleki kukaa pamoja, lakini ndani ya muundo wa sentensi wa kawaida kabisa, na kwamba hazifungamani sana na tukio lake, hivyo zinaweza kutumika popote. Mimi naona jambo hili linaeleza pia makosa yetu. Kauli ikiwa tamu lakini imefungamana mno na tukio, tunaikata kamba wenyewe ili tuweze kwenda nayo.

Sasa majina. Hali ya jina kukaa ncha ya ulimi Roger Brown na David McNeill waliichunguza mwaka 1966, na waliwachunguza wanafunzi wa chuo, vijana watupu. Mtu akiwa amekwama hivyo, mara nyingi anaweza kutaja herufi ya kwanza au idadi ya silabi za neno asiloweza kulitamka. Maana yake neno lipo, njia ya kulifikia ndiyo imeziba kwa muda. Majina ya watu huziba kuliko maneno mengine kwa sababu hayana pa kushikia. Jaribio moja la 1987 lilionyesha hili kwa namna nzuri: watu walionyeshwa sura, wakaambiwa ama huyu kazi yake ni mwoka mikate, ama huyu jina lake ni Baker, neno lenye maana hiyohiyo kwa Kiingereza. Neno lilelile likiwa kazi walilikumbuka vizuri, likiwa jina lilipotea. Kazi inaleta unga, moto, harufu, alfajiri. Jina halileti kitu, lina njia moja tu ya kulifikia.

Njia hiyo hupungua wepesi kadiri umri unavyosogea, na kuanzia miaka ya hamsini karibu kila mtu huliona jambo hilo. Kwako jina linakuja usiku ukiwa umetulia. Habari njema iko hapohapo: limekuja, na ukilipata unajua mara moja kwamba ndilo. Kwa mgonjwa wa demensia mambo huwa tofauti. Mara nyingi ukimtajia jina halimwambii kitu. Hasahau tu mwigizaji anaitwaje, husahau kwamba jana mliitazama filamu hiyo pamoja.

Jina likikwama, ushauri wangu ni huu: usipigane nalo. Kuna utafiti wa mwaka 2008 ulioonyesha kwamba kadiri mtu anavyokaa muda mrefu akihangaika na neno lililomkwama, ndivyo anavyozidi kukwama palepale siku nyingine, kana kwamba anajifunza kukwama. Mpe mwenzako nafasi alitaje, au litafute kwenye simu, kisha litamke kwa sauti mara mbili tatu ukiifikiria sura.

Nije kwa mama. Kuwa na mzazi aliyeugua kunaongeza uwezekano kidogo, ila hakukuhukumu. Aina zinazorithishwa moja kwa moja kutoka kwa mzazi ni chache sana, na mara nyingi huanza mapema, kabla ya miaka 60 au 65. Kwa hiyo jaribu kukumbuka, au waulize ndugu zako, mama alianza akiwa na umri gani, na kama kuna mjomba au mama mdogo aliyepatwa na hali hiyo akiwa bado kijana. Jibu la swali hilo daktari atalihitaji.

Pia naomba uiondoe ile fikra kwamba kila anayezeeka huishia huko. Huku kwetu Kilimanjaro, katika vijiji vya wilaya ya Hai, ulifanyika utafiti wa watu wenye miaka 70 na zaidi, ukachapishwa mwaka 2013. Kiwango cha demensia, baada ya kurekebishwa kwa umri, kilikuwa asilimia 6.4. Yaani zaidi ya watu tisa kati ya kumi wa umri huo hawakuwa nayo. Familia nyingi husema "ni uzee tu huo", na kwa sababu hiyo mgonjwa haletwi, anabaki nyumbani akigombezwa kwa mambo asiyoweza kuyazuia. Hilo linaniuma kila ninapokutana nalo.

Ni dalili zipi basi zingenitia wasiwasi? Kuuliza swali lilelile mara kadhaa ndani ya saa moja bila kukumbuka kwamba umeshajibiwa. Kupotea njia uliyoizoea, mfano kutoka nyumbani kwako hadi sokoni Kilombero. Kushindwa kuhesabu chenji au kutuma pesa kwa simu wakati zamani ulifanya bila kufikiri. Kuacha jiko likiwaka mara kwa mara, kuweka vitu mahali pasipoeleweka na kuwashutumu watu kwamba wameiba. Kushindwa kufuata filamu yenyewe, usijue nani ni nani na kwa nini wanakimbizana, hata ile uliyokuwa ukiifuata vizuri. Kubadilika tabia: mtu mpole kuwa mkali, mcheshi kuwa mnyamavu. Haya yakija, na hasa yakiwa yanaongezeka mwezi hadi mwezi, usingoje. Yakija ghafla, ndani ya saa au siku chache, au yakiambatana na mdomo kupinda, mkono kulegea au kuchanganyikiwa, ni dharura, ukimbizwe hospitali siku hiyohiyo. Umesema mkeo anaona unajisumbua bure. Mimi maneno yake nayapa uzito mkubwa, kwa sababu mambo haya mwenzi wa nyumbani ndiye huyaona mapema kuliko mgonjwa mwenyewe.

Mbona basi nataka ukapimwe? Kwa sababu una miaka 59, na huu ndio umri ambao hatua zake zinazaa matunda. Ripoti ya kamisheni ya jarida la Lancet ya mwaka 2024 ilitaja mambo 14 yanayoweza kurekebishwa, na ikakadiria kwamba karibu asilimia 45 ya demensia duniani yanahusiana nayo. Mengi unayajua: presha, kisukari, lehemu mbaya kwenye damu, sigara, pombe nyingi, unene, kukaa bila mazoezi. Lakini liko moja ambalo watu hulipuuza, na kwa habari yako nimelifikiria tangu mstari wa kwanza. Ni masikio.

Usikivu ukipungua polepole mwenyewe hujui. Unasikia sauti, maneno ndiyo yanayokutoka, hasa penye muziki na milio nyuma yake, yaani hasa kwenye filamu. Zaidi ya hapo unasikiliza lugha ambayo si ya nyumbani. Ubongo hujaza pengo kwa kukisia, na neno lililokisiwa ndilo linalohifadhiwa. Neno usilolisikia vizuri huwezi kulikumbuka vizuri, hata ungekuwa na kumbukumbu ya malaika. Jiulize: je, wanao wanalalamika unaongeza sana sauti ya televisheni? Je, watu wakiongea wengi kwa pamoja unabaki kutabasamu tu? Kama ndiyo, kipimo cha masikio kiwe cha kwanza. Na si kwa ajili ya mchezo wenu tu: kupungua kwa usikivu kusikotibiwa ni mojawapo ya yale mambo 14.

Kuna sababu nyingine zinazofifisha kumbukumbu na zinatibika kabisa: upungufu wa vitamini B12, ambao huwapata pia wanaotumia metformin ya kisukari kwa muda mrefu, tezi ya shingo inayofanya kazi kidogo, usingizi mbovu, hasa kwa mtu anayekoroma na kukatika pumzi, sonona, dawa za usingizi, na zile dawa za zamani za mafua na mzio zinazolevya. Daktari atayapitia haya kwa maswali na vipimo vya damu.

Vidonge vya dukani usinunue. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilisema wazi kwamba vitamini B na E, mafuta ya samaki na michanganyiko ya virutubisho visipendekezwe kwa ajili ya kuzuia kupungua kwa uwezo wa akili. Kama una upungufu wa B12 uliothibitishwa, hapo utatibiwa upungufu huo, kwa dawa yake na kwa kipimo chake. Pesa ya vidonge ipeleke kwenye kupima masikio.

Mchezo wenu endeleeni nao, tena nakusihi usiuache kwa aibu. Nisikudanganye lakini: kukumbuka kauli za filamu hakutakufanya ukumbuke ulipoweka funguo, na hakuna ushahidi kwamba mchezo kama huo peke yake unazuia demensia. Unachokifanya kwa hakika ni kuimarisha kile kinachoulizwa. Mwaka 2006 Roediger na Karpicke walionyesha kwamba waliojipima juu ya walichosoma walikumbuka zaidi baada ya wiki kuliko waliokisoma tena na tena. Na kukutana na marafiki kila wiki kuna thamani yake, maana upweke nao umo katika ile orodha ya Lancet.

Ningebadilisha namna mnavyoucheza. Kila mtu aandike jibu lake kabla yeyote hajafungua mdomo, msije mkaambukizana kumbukumbu. Ondoeni mashindano ya kasi, kwa sababu kasi ndiyo inayopungua kwanza kwa umri, na haina uhusiano na wingi wa mnayoyajua. Halafu mfungue filamu yenyewe mhakiki, kila mara, maana jibu la kosa lisilosahihishwa linazidi kuota mizizi kila linaporudiwa. Usiogope kuumbuliwa: Butterfield na Metcalfe walionyesha mwaka 2001 kwamba kosa ambalo mtu alilitoa kwa uhakika mkubwa ndilo linalosahihishika vizuri zaidi akishaonyeshwa ukweli. Nina imani "Luke" haitakurudia tena. Na msiulizane maneno tu. Ulizaneni kilichotangulia, nani alikuwepo chumbani, mwanga ulikuwaje, kulitokea nini baadaye. Hapo ndipo kumbukumbu ya mpenzi wa filamu wa kweli ilipo. Mnaweza kuanza na Hatari! ya Howard Hawks, iliyotoka mwaka 1962 na John Wayne ndani yake, maana sehemu kubwa yake ilipigwa hukohuko kwenu, na vijana wengi wa Arusha hawajawahi hata kuisikia.

Na waambie wenzako waache ule utani wa mzee ameanza kuisha. Najua ni mapenzi, lakini tafiti za saikolojia zimeonyesha kwamba mtu mzima akikumbushwa kwamba umri huharibu kumbukumbu, kisha akapimwa, matokeo yake hushuka kuliko kama asingekumbushwa. Wanakuuliza swali na papo hapo wanakuvuruga usiweze kulijibu.

Kwa hapo Arusha, anzia Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Mount Meru. Ukihitaji uchunguzi wa kina zaidi wa ubongo au masikio, unaweza kupewa rufaa kuja KCMC hapa Moshi. Usiogope kipimo cha kumbukumbu. Kuna kipimo kifupi ambacho watafiti walikitengeneza wakifanya kazi na wazee wa Hai, na hakihitaji mtu awe amesoma: unaulizwa leo ni siku gani, unataja wanyama wengi kadiri uwezavyo kwa dakika moja, unaeleza daraja ni nini, unapanga njiti za kiberiti kwa kufuata mfano, unakumbuka maneno kumi uliyosomewa. Hata ukifanya vizuri, omba matokeo yako yaandikwe kwenye faili, ili ukirudi baada ya mwaka mmoja au miwili daktari awe na cha kulinganisha nacho. Ukilinganishwa na wewe mwenyewe wa mwaka jana, daktari anapata picha ya kuaminika kuliko akikulinganisha na mtu mwingine.

Nenda na mkeo, na umwombe daktari azungumze naye dakika chache bila wewe kuwepo. Beba dawa zote unazotumia, pamoja na zile za kununua dukani na za miti shamba, zikiwa kwenye vifungashio vyake. Kama una miwani, ivae siku hiyo. Na usiende ukiwa umekesha.